Kwa nini wanafunzi hawapigi hodi kwa mwalimu mshauri

Matokeo ya mtihani wa KCSE yakishatoka na KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo, ikafungua maombi, mwalimu wa ushauri nasaha hakosi wageni. Vijana waliomaliza Kidato cha Nne hurudi shuleni na maswali: nimepata C+, je, uuguzi nitaupata? Ualimu je? Lakini katikati ya muhula, mwalimu huyo huyo anaweza kukaa wiki nzima bila kubishiwa hodi na aliyefiwa na baba, aliyeanza kuvuta bangi au asiyepata usingizi kwa hofu ya mtihani.

Wazazi husema watoto wa siku hizi hawashauriki. Si kweli. Bwenini wanashauriana hadi usiku wa manane. Wanachokwepa ni ile ofisi, na wana sababu.

Ushauri nasaha umekuwako katika shule za Kenya tangu miaka ya 1970, ila ulipata uzito mpya mwaka 2001. Ndio mwaka serikali ilipopiga marufuku viboko, na ndio mwaka moto ulipoua wanafunzi 67 bwenini katika Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos. Jopo la Naomi Wangai lililochunguza utovu wa nidhamu lilitaka ushauri nasaha uimarishwe. Nia ilikuwa njema, lakini shule nyingi ziliupokea kama mrithi wa kiboko.

Hadi leo, anayenaswa na simu au akiruka ua hupelekwa kwa naibu mwalimu mkuu, husimamishwa masomo, hurudi na mzazi, kisha huambiwa, "Nenda ukashauriwe." Basi yeyote anayeonekana mlangoni pale hudhaniwa ana kesi. Wavulana hubeba mzigo wa ziada: mwanamume hujikaza, na anayekwenda kusema yanayomsumbua huchekwa.

Kubwa kuliko yote ni siri. Walimu hupenda kuwakumbusha wanafunzi kwamba mficha uchi hazai. Wanafunzi nao wamewaona waliojifichua wakawa mazungumzo ya chumba cha walimu wakati wa chai. Msichana akisema jambo Jumanne, halafu Ijumaa mwalimu wa zamu akahutubia gwaride kuhusu "msichana fulani", hata bila kumtaja jina, shule nzima itajifunza kunyamaza.

Kweli, si kila siri inaweza kufichwa. Waraka wa Tume ya Huduma za Walimu (TSC) wa mwaka 2010 unamlazimu mwalimu kuripoti dhuluma za kingono dhidi ya mwanafunzi, na ndivyo ipasavyo. Ila mwanafunzi aelezwe mpaka huo kabla hajafungua kinywa, asije akahisi amesalitiwa.

Mwalimu mshauri mwenyewe hana nafasi. Asubuhi anafundisha Hisabati, jioni yuko zamu akiandika majina ya waliochelewa, na kati ya hayo anatakiwa awe sikio la mamia ya watoto. Pengine hana hata chumba; anazungumza na mwanafunzi pembeni mwa maktaba, wenzake wakipita. Mafunzo aliyo nayo huenda ni ya semina ya siku chache.

Shule inaweza kuanza na yasiyohitaji bajeti kubwa: kumwondoa mshauri kwenye zamu na kamati ya nidhamu, kumpunguzia vipindi, kuwapa wanafunzi hiari ya kuchagua mwalimu wa kiume au wa kike, na kumkutanisha kila mwanafunzi mgeni na mshauri kabla yeyote hajakosa. Wanafunzi wa Gredi ya 10 walioanza Sekondari Pevu Januari 2026 wana mikondo mitatu ya masomo, na kuuliza kama mkondo wako unakufaa si aibu. Anayesikilizwa vizuri kwa swali hilo atathubutu kurudi na zito zaidi.

Na kwenye barua ya kusimamishwa masomo, mwalimu mkuu afute sharti la "akashauriwe". Adhabu ibaki kwa naibu wake.