Nyayo Zilizochoka: Faida ya Kukanda Miguu na Mipaka Yake



Mwili wa mtu mzima una mifupa 206, na kati ya hiyo, mifupa 52, yaani takriban robo nzima, imo katika nyayo zake mbili. Juu ya mifupa hiyo midogo ndipo unapokaa uzito wetu kwa saa zote tunazosimama kazini. Katika miji hii pacha ya Minneapolis na Saint Paul saa hizo ni nyingi. Wengi wetu tunafanya kazi katika maghala, katika majiko ya mahoteli, katika nyumba za kutunzia wazee, na katika kusafisha maofisi usiku, ambako sakafu ni ya saruji na kiti ni anasa. Majira ya baridi yakiwadia, miguu hiyo hiyo hufungwa ndani ya viatu vizito vya theluji tangu alfajiri hadi usiku.

Si ajabu, basi, kwamba maduka ya kukanda nyayo yamewavuta baadhi yetu, na kwamba tunaulizwa mara kwa mara: je, elimu hii iitwayo rifleksolojia ina ukweli, na je, inaponya? Swali ni zuri, na jibu lake lina sehemu mbili ambazo hazifai kuchanganywa.

Kwanza tuitazame asili yake. Mwaka 1917 Dakta William Fitzgerald, tabibu wa masikio, pua na koo katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut, alitoa kitabu pamoja na mwenzake Edwin Bowers. Humo alidai kwamba mwili umegawanyika katika mikondo kumi iliyonyooka toka utosini hadi vidoleni, na kwamba kubonyeza mahali pamoja pa mkondo huathiri mahali pengine. Baadaye Eunice Ingham, mwanamke wa Kimarekani aliyekuwa mkandaji wa viungo, aliielekeza elimu hiyo kwenye nyayo, akachora ramani yake na kuchapisha kitabu mwaka 1938. Katika ramani hiyo kidole gumba ni kichwa. Sehemu nene iliyo chini ya vidole ni mapafu na moyo. Uvungu wa unyayo ni tumbo, ini na figo. Ukingo wa ndani ni uti wa mgongo. Na kisigino ni nyonga.

Kukanda kwenyewe si jambo geni kwetu. Katika mwambao wa Afrika Mashariki mzazi hukandwa kwa maji ya moto katika siku arubaini baada ya kujifungua; aliyeteguka huchuliwa; na jioni bibi hunyoosha miguu mkekani, mjukuu akamsugua kwa mafuta ya nazi. Wazee wetu hawakusema kwamba figo imo ndani ya unyayo. Walijua tu kwamba mkono wenye huruma hupunguza uchovu na huleta usingizi.

Sasa wataalamu wamegundua nini? Mwaka 2009 Profesa Edzard Ernst wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, alizipitia tafiti 18 zilizofanywa kwa utaratibu wa kulinganisha makundi. Alihitimisha kwamba hapakuwa na ushahidi wa kuridhisha kuwa rifleksolojia hutibu ugonjwa wowote. Wala elimu ya maumbile ya mwili haijaonyesha mshipa unaoiunganisha nukta fulani ya unyayo na figo au ini.

Lakini habari haiishii hapo. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walitoa matokeo ya uchunguzi wa wanawake 385 wenye saratani ya matiti iliyokwisha kuenea. Waliokandwa nyayo kwa rifleksolojia, huku wakiendelea na dawa zao za hospitali, walipumua kwa wepesi zaidi na walimudu vizuri zaidi shughuli za kila siku kuliko wenzao wasiokandwa. Maumivu na kichefuchefu havikubadilika. Mwaka 2017 watafiti hao walitoa uchunguzi mwingine, ambamo jamaa au rafiki wa mgonjwa alifundishwa kukanda, akaifanya kazi hiyo nyumbani kwa wiki nne. Ukali wa dalili za wagonjwa ulipungua. Tazameni, ndugu zetu, kwamba mikono iliyoleta nafuu hiyo haikuwa ya mabingwa wa kulipwa, bali ya watu wa nyumbani.

Jibu letu, basi, ni hili: kukanda nyayo huburudisha, wala haichukui nafasi ya tiba. Hatari haimo katika vidole vya mkandaji, bali katika maneno yanayoweza kufuatana navyo. Mwenye kisukari au shinikizo la damu akiambiwa kwamba kongosho lake au moyo wake umefunguliwa kupitia unyayoni, naye akaziweka kando dawa zake, atajisikia vizuri kwa siku chache huku maradhi yakiendelea kimya kimya. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sheria ya jimbo letu la Minnesota inasaidia hapa, na ni vema kila familia iijue. Tangu mwaka 2001 watoaji wa tiba za ziada wasio na leseni, wakiwemo wakandaji na hata waganga wa jadi wa kila kabila, wanaruhusiwa kufanya kazi kwa masharti. Hawaruhusiwi kutoa uamuzi wa kitabibu kwamba una ugonjwa fulani, wala kukushauri uache tiba uliyoandikiwa na daktari. Kabla ya kuanza, wanapaswa kukupa hati ya haki za mteja, inayotaja elimu yao, ada yao, na mahali pa kupeleka malalamiko, ambapo ni Idara ya Afya ya Jimbo. Hati hiyo hueleza wazi kwamba jimbo halijaweka kiwango cha mafunzo kwa watu hao. Tena, sheria inataka wasiosoma au wasiojua Kiingereza wasaidiwe waielewe. Usitie sahihi usichokielewa.

Kwa wanaotaka kukandana nyumbani, utaratibu ni mwepesi. Osha miguu kwa maji ya uvuguvugu, uikaushe vizuri hasa baina ya vidole. Chukua mafuta kidogo ya nazi au ya ufuta. Anza kwa kuzungusha kifundo taratibu, kisha sugua unyayo mzima kwa viganja. Baadaye bonyeza kwa kidole gumba, ukisogea kidogo kidogo toka kisiginoni hadi vidoleni. Nguvu iwe ya kustahimilika. Maumivu si dalili ya dawa kuingia. Dakika kumi au kumi na tano kwa kila mguu zatosha. Zima televisheni, punguza taa, na maongezi yawe ya upole.

Lakini wako wasiopaswa kukandwa kabla ya kumwona daktari. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma, hasa baada ya safari ndefu ya ndege au ya kuendesha lori, usiuguse: huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na donge hilo likisafiri hadi mapafuni huua. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa mguu wenye kidonda, mvunjiko au uambukizo. Mama mjamzito naye aulize kwanza kwa mkunga au daktari wake.

Mwenye kisukari ahadhari zaidi. Ugonjwa huo huweza kuziua hisia za miguu, mtu akaungua kwa maji ya moto au akachomwa na msumari bila kujua. Maji yake yapimwe na mtu mwingine kwa kiwiko cha mkono, na asiweke miguu yenye ganzi karibu na hita anaporudi kutoka kwenye theluji. Kila usiku nyayo zake zitazamwe, chini na baina ya vidole; malengelenge, mpasuko au wekundu usiojulikana ulikotoka upelekwe kliniki bila kungojea uume. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Hapa ndipo tunapoiona faida kubwa ya desturi hii kwetu sisi tulio ugenini. Kijana anayemkanda baba yake mara moja kwa wiki atakiona kidonda ambacho baba hakukihisi, wala hakukisema. Jumapili hii, kabla ya chakula cha jioni, waombeni wazee wenu wavue soksi.