Ujumbe Mmoja, Masikio Mengi

Tangazo la afya likishabandikwa ukutani au kusomwa redioni, aliyeliandaa hudhani kazi imekwisha. Kumbe imebaki kazi ya pili, nayo hufanywa na msikilizaji: kulipa tangazo hilo maana. Katika kazi hiyo yeye hutumia lugha yake, umri wake, imani yake, kipato chake na yale aliyoyaona kwa jirani.

Mwaka 1973 Stuart Hall, mwanazuoni mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Birmingham nchini Uingereza, alieleza kwamba hadhira hupokea ujumbe kwa njia tatu. Wapo wanaoupokea kama ulivyokusudiwa. Wapo wanaoukubali kwa jumla, lakini wakaona kwamba wao hauwahusu sana. Na wapo wanaouelewa barabara, kisha wakaukataa.

Kundi la tatu tunalifahamu hapa nchini. Wakati matangazo ya kutahadharisha juu ya UKIMWI yalipoenea, mitaani neno AIDS lilifanywa kuwa kifupisho cha “Acha Iniue, Dogedoge Siachi”, yaani wasichana wadogo siwaachi. Waliotania hivyo hawakukosa elimu. Neno “iniue” lashuhudia kwamba walijua ugonjwa unaua. Mtu wa namna hiyo ukimrudia na tishio lilelile kwa sauti kubwa zaidi, humwongezei maarifa yoyote. Yafaa kwanza kuuliza ni jambo gani maishani mwake linalomfanya aione hatari hiyo kuwa nafuu.

Picha nazo hazina maana moja. Mtoto mnono aliyechorwa kwenye kopo la maziwa aweza kuwa pambo machoni pa mchoraji; kwa mama, ni ahadi kwamba wake naye atanenepa vivyo hivyo. Mama huyo akikosa fedha za kopo la pili, huyazimua maziwa kwa maji mengi, na mtoto hudhoofika huku kopo likiendelea kutabasamu. Ndiyo maana Kanuni ya Kimataifa ya uuzaji wa maziwa mbadala ya watoto, iliyopitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwezi Mei 1981, inakataza picha za watoto wachanga kwenye makopo ya maziwa hayo.

Hata maneno machache ya dirisha la dawa yana hatari yake. Maelekezo “kila saa 8” yana maana kwamba dawa inywewe mara tatu kwa siku, kwa kupishana saa nane. Lakini kwa Kiswahili saa nane ni wakati baada ya adhuhuri, tena ni usiku wa manane. Mgonjwa akimeza dawa nyakati hizo mbili, ametii alivyosikia, ila dozi imepungua. Ni salama zaidi kumtajia nyakati zenyewe: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku.

Basi mhudumu asitosheke na swali la “Umeelewa?”, kwa kuwa jibu lake karibu daima ni “Ndiyo”, aghalabu kwa heshima tu. Amwombe mgonjwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe atakavyofanya atakapofika nyumbani. Nawe mgonjwa, usione haya kuuliza tena. Kuhusu tangazo, jiulize nani amelilipia na nini hakikutajwa ndani yake, kabla hujalifuata.