Albamu ya Wazo Moja na Filamu Itokanayo Nayo

Rasimu ya orodha ya istilahi za sinema iliyopita mezani pangu iliziweka Tommy, Quadrophenia na Pink Floyd – The Wall, filamu tatu za Uingereza, chini ya jina moja: filamu za muziki. Jina hilo si kosa, ila ni pana mno. Katika filamu nyingi za muziki nyimbo hutungwa ili zikitumikie kisa. Katika hizi tatu mambo yalikwenda kinyume: albamu ilitangulia, filamu ikaifuata baada ya miaka.

Na albamu hizo ni za namna ya pekee. Nyimbo zake hazikukusanywa tu. Zimefungamana, na zimepangwa zisikilizwe kwa mfuatano. Wapo wasemao “albamu dhana”. Mimi siridhiki. Msikilizaji wa kawaida huelewa dhana kuwa ni jambo la kudhaniwa, lisilo na hakika. “Albamu ya kisa” nayo ni finyu, maana si lazima kisa kiwepo. Kinachoziunganisha nyimbo chaweza kuwa hali tu, au mahali. Napendekeza albamu ya wazo moja.

Ugumu umo katika filamu. Tommy, albamu ya kundi la The Who, ilitoka mwaka 1969. Katika filamu aliyoiongoza Ken Russell (1975) karibu kila kitu huimbwa. Quadrophenia, ya kundi hilohilo (1973), iliongozwa na Franc Roddam mwaka 1979, na humo waigizaji huzungumza kama katika mchezo wowote. The Wall ya Pink Floyd (1979) iliongozwa na Alan Parker mwaka 1982: mazungumzo ni machache mno, na mahali pengine vibonzo vya Gerald Scarfe hushika nafasi ya waigizaji.

Basi tukisema “opera ya sinema”, Quadrophenia itabaki nje. Kinachozikusanya ni asili yake, wala si uimbaji. Kwa hiyo nasema filamu itokanayo na albamu. Kwa mtumishi anayeshughulikia hakimiliki tofauti hii si ndogo: jina lenyewe humkumbusha kwamba nyuma ya mwongozaji yuko mtunzi wa nyimbo.

Mwalimu mmoja aliniuliza kwa nini nisitumie santuri, neno tulilolizoea. Santuri ni chombo. Kila moja ya albamu hizi tatu ilipotoka ilijaza santuri mbili, lakini albamu ilikuwa moja.