Juma la Baridi Inayogeuka

Ndugu musomaji, pengine utauliza: Baridi ya inchi ya mbali inanihusu nini? Sikiliza kwanza. Wengi wenu muko na watoto au ndugu waliohamia miji ya Marekani na Kanada. Tena wengine wenu munakaa Lubero au milima mingine ya Kivu, ambako usiku ni baridi. Hatari ya kule na hatari ya huku zinafanana.

Upande wa kaskazini wa Marekani, katika jimbo la Montana, uko muji mudogo unaoitwa Browning. Ni muji wa kabila la Blackfeet, karibu na milima mikubwa ya Rocky. Wakati wa baridi, juma moja tu pale linaweza kuwa na hali nyingi. Leo theluji inafunika njia. Kesho upepo wa joto unashuka kutoka milimani, theluji inayeyuka, watu wanavua makoti. Kesho kutwa upepo wa kaskazini unafika, na maji ya njiani yanageuka barafu.

Upepo ule wa joto unaitwa chinook. Unapopanda milima, unaacha maji yake kule juu kama mvua na theluji. Unaposhuka upande wa pili, hewa inabanwa na kupata joto, karibu degre 10 kwa kila metre 1,000.

Unajua kwamba maji yanakuwa barafu kwenye degre 0. Basi, tarehe 23 na 24 Januari 1916, pale Browning, hewa ilikuwa degre 7 juu ya 0. Kabla ya siku moja kupita, ilishuka mpaka degre 49 chini ya 0. Mutu aliyetoka nyumbani na nguo nyepesi katika hali kama hiyo yuko katika hatari ya kufa.

Je, baridi yenyewe inaleta mafua? Hapana. Mafua yanaletwa na vijidudu vinavyoitwa virusi. Lakini wakati wa baridi watu wanakaa pamoja ndani, madirisha yamefungwa, na virusi vinapita mbio kutoka kwa mumoja mpaka kwa mwingine. Kwa hiyo nawa mikono, funika kinywa unapokohoa, na fungua dirisha kidogo kila siku.

Sasa ushike mafundisho haya matatu.

Kwanza: Usidanganywe na joto la siku moja. Vaa nguo mbili au tatu nyembamba, moja juu ya nyingine, kwa sababu hewa iliyo katikati yao inalinda joto la mwili. Ukipata joto, vua moja, lakini usiiache nyumbani.

Pili: Ogopa maji na upepo. Nguo iliyolowa inanyanganya mwili joto lake. Joto la mwili muzima ni karibu degre 37. Likishuka chini ya degre 35, mutu yuko katika hatari. Anatetemeka, anasema maneno ovyo, anajikwaa. Kutetemeka kukikoma naye angali baridi, usifurahi. Hali yake imezidi kuwa mbaya. Umuvue nguo zilizolowa, umufunike pamoja na kichwa. Kama ana akili zake vizuri, umupe chai ya moto yenye sukari. Usimupe pombe! Pombe inamufanya asikie joto, lakini kweli inatoa joto nje ya mwili. Mutoto muchanga aliye baridi na asiyetaka kunyonya, umuweke kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, muwafunike wote wawili, kisha mwende kwa munganga mara moja.

Tatu, na hili ndilo kubwa: Usilale na mbabula ya makaa ndani ya nyumba. Makaa mekundu yasiyo na moshi yangali yanatoa hewa ya sumu. Hewa hii haina harufu wala rangi. Inaingia katika damu na kukamata nafasi ya hewa nzuri. Mutu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, anataka kutapika, anakosa nguvu. Aliyelala hasikii kitu; anakufa katika usingizi wake. Kama watu wote wa nyumba wanaumwa kichwa pamoja, usiseme ni malaria. Fungua mulango, watoe wote nje, upeleke wagonjwa hospitali.

Makaa yanaua kule kaskazini, yanaua na huku. Ukiwa na mutoto wako kule, umwambie neno hili katika simu. Na wewe mwenyewe, usiku wa leo, kabla ya kulala, toa mbabula nje.