Serikali ikishindwa kortini, nani hulipa?

Juzi baada ya swala ya alasiri, barazani kwetu hapa Mombasa, mzee mmoja alinitolea bahasha ya kaki iliyochakaa. Ndani mlikuwa na hukumu ya mahakama. Gari la idara moja ya serikali lilimgonga mwanawe akavunjika mguu, na miaka sita iliyopita korti iliamua alipwe. Mpaka leo hajaona hata senti.

"Mwanangu," aliniuliza, "mimi nikidaiwa elfu hamsini, madalali watakuja kubeba hadi kochi. Hawa mbona hawabebewi hata kiti?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikasoma sheria, nikamuuliza na wakili ninayemfahamu. Haya ndiyo niliyoyapata, na nayaandika kwa sababu najua mzee huyu si peke yake.

Jibu la swali lake limo katika Sheria ya Mashtaka dhidi ya Serikali, Sura ya 40, kifungu cha 21. Sheria hiyo yakataza mali ya serikali kukamatwa au kupigwa mnada ili kulipa deni la hukumu. Tangu marekebisho ya 2015, kinga hiyo inazifunika pia serikali za kaunti. Na mashirika kadhaa ya umma yana kinga kama hiyo katika sheria zilizoyaunda.

Sababu inayotolewa si ya kipuuzi. Ambulensi ya hospitali ikichukuliwa na dalali, anayeumia ni mgonjwa wa Likoni, si mkubwa aliyekosea. Tena Katiba inasema pesa za umma hazitoki mfukoni mwa serikali ila kwa idhini ya Bunge, au bunge la kaunti, na Mdhibiti wa Bajeti. Kwa hivyo deni la korti lafaa kwanza liingizwe kwenye bajeti.

Lakini kinga ya kutonadiwa si ruhusa ya kutolipa. Hapo ndipo wengi wetu twapotea. Sheria hiyo hiyo imeweka njia, nayo ina hatua tatu.

Kwanza, siku 21 zikishapita tangu hukumu, mwenye kudai huomba korti impe cheti kinachoonyesha kiasi anachodai, pamoja na gharama na riba. Cheti hicho hupelekwa kwa Mwanasheria Mkuu, au kwa upande wa serikali unaohusika. Mzee wangu alikuwa na hukumu tu. Cheti hakuwahi kukiomba, wala hakuna aliyemwambia.

Pili, afisa anayesimamia fedha za idara hiyo, ambaye kwa wizara ni katibu wake, anawajibika kisheria kulipa. Asipolipa, mdai hurudi Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha, ile ambayo mawakili huiita mandamasi.

Tatu, afisa akiipuuza amri hiyo, anaweza kuitwa ajieleze kwa kudharau mahakama, na hata kufungwa. Tuelewane hapa: hafungwi kwa sababu ya deni, maana sheria yasema deni la serikali si deni lake binafsi. Hufungwa kwa kukaidi amri ya korti.

Kwa maneno mengine, mtu hushinda kesi moja kisha hulazimika kufungua nyingine ili alipwe. Mwenye uwezo huvumilia. Maskini hukata tamaa, au hufa.

Sisi watu wa Pwani haya si hadithi ya mbali. Mwaka 2018 Mahakama Kuu mjini Malindi iliamua wavuvi wa Lamu zaidi ya 4,000, walioathirika na ujenzi wa bandari, walipwe Sh1.76 bilioni. Zikafuata rufaa na mazungumzo ya miaka. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliwapa wakazi wa Owino Uhuru, waliodhuriwa na sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha betri kuukuu, Sh1.3 bilioni, na taasisi za serikali zikabebeshwa sehemu ya mzigo. Mahakama ya Rufaa iliitengua hukumu hiyo 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Sasa, pesa hizi zikilipwa, zatoka wapi? Zatoka kwetu. Ni ushuru wa unga, wa mafuta, wa leseni ya kibanda. Na kila siku ya kuchelewa ina bei. Tuseme deni ni Sh1 milioni na riba ni asilimia 12 kwa mwaka. Baada ya miaka mitano riba pekee imefika Sh600,000. Hizo ni dawa za zahanati zilizopotea kwa sababu mtu alilaza faili kwenye droo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema serikali isilipe ili kulinda pesa za umma. Kutolipa hakulindi kitu. Deni halifi, lanenepa. Sisi tumefunzwa kwamba deni ni dhamana hata kwa maiti, litakuwaje jepesi kwa serikali iliyo hai?

Kinachokosekana ni kumfuata aliyesababisha hasara. Kifungu cha 226 cha Katiba chasema afisa anayeidhinisha matumizi ya pesa za umma kinyume cha sheria atawajibika kwa hasara hiyo, awe bado kazini au ameondoka. Kitumike. Dereva mlevi, mkubwa aliyebomoa nyumba ya mtu bila ilani, nao waonje.

Nasi tuna la kufanya. Makadirio ya bajeti ya kaunti huwasilishwa bungeni kabla ya 30 Aprili kila mwaka. Tukiitwa kutoa maoni, tuulize: madeni ya hukumu ni kiasi gani, na mwaka huu yametengewa ngapi? Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 yatupa haki ya kujibiwa.

Mzee wangu nimempeleka kwa wakili. Cheti kinaombwa wiki hii. Nawe kama una bahasha kama yake kabatini, itoe.