Saratani ya ini: jinsi sumu ya karanga zenye kuvu inavyomnyamazisha mlinzi wa mwili

Karanga na mahindi yenye kuvu si hasara ya chakula tu. Sumu inayoweza kuwa ndani yake, aflatoksini, huharibu jeni yenye kazi ya kutukinga na saratani.

Jeni hiyo inaitwa TP53. Inatengeneza protini p53, iliyogunduliwa mwaka 1979. Mwanzoni wanasayansi waliidhania kuwa inaleta saratani. Miaka 10 baadaye ikajulikana kwamba inaizuia. Mwaka 1992, Mwingereza David Lane aliiita mlinzi wa jenomu.

Inafanyaje kazi? Chembe ya mwili ikiharibika ADN yake, p53 inaisimamisha isigawanyike. Uharibifu ukiwa mdogo, unatengenezwa. Ukiwa mkubwa, p53 inatoa amri ya kifo. Inaamsha protini zingine, kama vile Puma na Bax, na mitokondria, mahali chembe inapopatia nguvu zake, zinatobolewa. Kisha vimeng'enya viitwavyo kaspasi vinaikatakata chembe, na chembe za jirani zinameza vipande vyake. Chembe moja inakufa ili mwili ubaki mzima.

Aflatoksini inavuruga mpango huo. Inatoka kwa kuvu wa Aspergillus, wanaopenda joto na unyevu. Ikifika kwenye ini, inageuzwa na kushikamana na ADN. Mwaka 1991, tafiti mbili juu ya wagonjwa wa saratani ya ini, moja ya Qidong nchini China, nyingine ya kusini mwa Afrika, zilikuta kosa lile lile likirudiarudia kwenye TP53: herufi moja imebadilika katika kodoni ya 249. Herufi moja tu, na amri ya kifo inakwama. Chembe mbovu inaendelea kuzaana.

Kwa mtu mwenye hepatiti B, hatari inaongezeka sana.

Kupika au kukaanga hakumalizi sumu hiyo. Kinga inaanzia shambani na stoo: kausha mavuno vizuri, yaweke juu ya mbao, si chini kwenye unyevu. Karanga zenye kuvu, zilizosinyaa au kubadilika rangi zitupwe. Zisisagwe, wala kuku wasipewe. Na watoto wapate chanjo ya pentavalenti kwenye juma la 6, la 10 na la 14: ndani yake mna kinga ya hepatiti B.