Kesho ni ya Nani? Masomo, Malezi na Utumishi wa Jamii katika Nyumba Moja ya Ipogolo

Sisi ni mume na mke, wakazi wa Ipogolo, chini ya mlima uliobeba mji wa Iringa. Msafiri wa barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma anapajua hapa: malori husimama, mto Ruaha Mdogo hupita, na anayekwenda mjini huiacha barabara kuu akaanza kupanda. Mwenyezi Mungu ametujaalia watoto watatu. Baba wa nyumba hii hununua nyanya Ilula na kuzipeleka sokoni. Mama anasomea shahada ya ualimu katika chuo kilichoko mjini. Alasiri hufundisha watoto madrasa, na kwa miaka kadhaa alikuwa mmoja wa wanawake wawili tu katika mtaa wetu waliojua kuosha na kukafini maiti ya mwanamke.

Watu hutuuliza tunawezaje kubeba mizigo mitatu kwa wakati mmoja: masomo, malezi na utumishi wa jamii. Jibu la kweli ni kwamba kwa muda mrefu hatukuibeba, bali tuliiburura. Tunaandika haya si kwa kujisifu. Tunaamini kosa lililotupata limo katika mitaa mingi ya Waislamu, na dawa yake imo ndani ya dini yetu wenyewe.

Usiku wa kuamkia mtihani

Ilikuwa usiku wa kuamkia Jumatatu. Baba alikuwa Ilula akisubiri mzigo. Mtoto wetu wa mwisho, ambaye alikuwa bado ananyonya, alikuwa na homa. Mama alikuwa na mtihani saa 3 asubuhi, naye alikuwa amekaa na daftari mkono mmoja na mtoto mkono wa pili. Saa 5 usiku simu ikalia.

"Dada, tumefiwa. Mwenzako amesafiri kwenda Mbeya kwa wazazi wake. Hatuna mwingine ila wewe."

Marehemu alikuwa mama mtu mzima, na maziko yalipangwa saa 4 asubuhi. Mama aliswali Alfajiri, akamwacha mtoto kwa jirani yetu Mkristo, mwanamke mwema ambaye siku hiyo ndiye aliyempeleka mtoto zahanati, kisha akaenda msibani. Alikuta sanda bado haijanunuliwa na maduka hayajafunguliwa. Akasubiri. Alipomaliza kazi kwa utulivu unaostahili heshima ya maiti, saa ilikuwa imefika 2 na dakika 25. Akatoka mbio hadi barabarani, akasubiri daladala ijae, na ilipojaa ikapanda mlima nyuma ya lori lililokuwa likienda mwendo wa jongoo. Alifika chuoni saa 3 na dakika 40. Mlango wa chumba cha mtihani ulikuwa umefungwa kwa utaratibu ambao kila mwanafunzi aliujua. Somo lile likabidi lisubiri mwaka uliofuata.

Jioni yake mtoto wetu mkubwa, wa darasa la 4, alikuja na kitabu chake cha kusoma. Alikuwa amengoja siku tatu ili mama amsikilize. Hakulalamika. Aliuliza tu: "Mama, kesho ni ya nani?"

Hatukuwa na jibu. Kesho ilikuwa ya madrasa, kesho kutwa ya kikao cha akina mama, na mtondo ya chuo. Katika wiki nzima hapakuwa na siku iliyokuwa ya mtoto yule.

Ushauri wa pande mbili

Habari zilipoenea, ushauri ulikuja kwa wingi. Wazee wengine walisema mama aache chuo, kwani thawabu za kuhudumia maiti hazilinganishwi na karatasi ya shahada. Marafiki wengine walisema aache shughuli za msikiti hadi amalize masomo. Kila upande ulizungumza kwa nia njema, na kila upande ulitaka tukate kiungo kimoja ili mwili upone.

Tulimwendea imamu wetu. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: katika mtaa wetu kuna wanawake wangapi wanaoswali? Tukahesabu kwa vidole, na vidole vikaisha kabla ya majina. Akatutazama, akauliza tena: basi kwa nini wanaojua kuosha maiti ni wawili?

Hapo ndipo tulipoona kwamba tulikuwa tumelitazama tatizo kwa upande usio wake. Tulidhani jambo linalotusumbua ni uchache wa saa katika siku. Kumbe lililotusumbua ni uchache wa watu katika kazi.

Fardhi mbili na mipaka yake

Sote tulifundishwa madrasa kwamba fardhi ni za aina mbili. Fardhi ain humlazimu kila mtu kwa nafsi yake, kama swala tano na funga ya Ramadhani. Fardhi kifaya huwalazimu Waislamu kwa ujumla wao: wakiitekeleza baadhi, wengine huondokewa na lawama, na ikiachwa na wote, wote huingia katika dhambi. Mfano ambao walimu hupenda kuutaja ni huo huo wa maiti: kumwosha, kumkafini, kumswalia na kumzika.

Lakini kuna sehemu ya somo hilo ambayo wengi wetu huisahau. Wanazuoni wameeleza kwamba asipopatikana mwingine awezaye, fardhi kifaya hugeuka kuwa fardhi ain juu ya yule mmoja aliyepo. Maana yake ni kwamba mtaa unaoridhika kuwa na waoshaji wawili umeichukua fardhi ya watu wote na kuwabebesha wawili, kisha ukawasifu kwa kujitolea. Sifa hizo ni tamu, lakini huficha deni la wengine.

Malezi, kwa upande mwingine, hayana wakili kamili. Jirani aweza kumpeleka mtoto zahanati, bibi aweza kumlaza, lakini mama na baba wa mtoto ni wale wale. Mtahiniwa naye hana wa kumwandikia mtihani. Kati ya mizigo yetu mitatu, ule ambao watu wengi wangeweza kuugawana ndio tulioubeba peke yetu. Ile miwili isiyo na mbadala ndiyo tuliyoipa mabaki ya siku.

Zamu ya Umar

Katika Sahihi ya Imamu Bukhari, kwenye mlango wa elimu, imepokewa habari ya Sayyidna Umar bin Khattab (Mwenyezi Mungu amridhie). Alikuwa akiishi viungani mwa Madina, sehemu ya juu ya mji, pamoja na jirani yake wa Kiansari. Wote wawili walitaka kusoma kwa Mtume (rehema na amani zimshukie), na wote wawili walikuwa na shughuli za maisha. Wakapeana zamu. Siku moja Umar alishuka mjini, akarudi na habari za wahyi na mengineyo ya siku ile. Siku iliyofuata alishuka jirani yake, naye akafanya vivyo hivyo.

Sisi wa Ipogolo tunakaa bondeni na kupanda kwenda mjini, wao walikaa juu na kushuka; lakini njia ni ile ile na haja ni ile ile. Umar hakuona aibu kukosa darasa siku moja, kwa kuwa alikuwa na mwenzake wa kumletea alichokikosa.

Imepokewa pia habari ya Malik bin Huwayrith na vijana wenzake waliokwenda kwa Mtume na kukaa siku 20 wakijifunza. Mtume, kwa huruma yake, alitambua kwamba wamewatamani jamaa zao. Akawauliza juu ya waliowaacha nyumbani, kisha akawaamuru warudi, wakae nao na wawafundishe. Mwalimu bora kuliko wote hakuwaambia wanafunzi wake kwamba hamu ya nyumbani ni udhaifu. Aliwarudisha kwa watu wao pamoja na elimu yao, na nyumba zile zikawa madarasa.

Naye Ummu Atiyya (Mwenyezi Mungu amridhie) ni kielelezo kwa mama wa leo. Alishiriki safari 7 za jihadi pamoja na Mtume, akipika chakula, akitibu majeruhi na kuwahudumia wagonjwa. Ndiye aliyepokea maelekezo ya Mtume alipofariki binti yake: maji na majani ya mkunazi, idadi ya witiri, kafuri katika josho la mwisho, na kuanza kwa viungo vya kulia. Elimu hiyo hakuifungia kifuani. Alipokuwa Basra, watu walijifunza kwake namna ya kuosha maiti, na hadithi yake ikawa tegemeo katika mlango huo hadi leo.

Tulichokifanya

Kwanza, mama aliacha kuwa mwoshaji tu, akawa mwalimu wa waoshaji. Kila Jumamosi baada ya Adhuhuri, kwa muda wa miezi 2, wanawake 8 walikusanyika sebuleni kwetu. Godoro jembamba lililokunjwa na kufungwa shuka ndilo lililokuwa maiti. Walijifunza kusitiri uchi muda wote, kuminya tumbo taratibu, kutawadhisha, kuanza kulia, kusuka nywele mafundo matatu, na kupanga nguo 5 za sanda ya mwanamke. Msichana mmoja alilia siku ya kwanza, kwa kuwa alikumbuka alivyosimama nje ya mlango wakati mama yake akioshwa na wageni. Leo yeye ndiye mwenye mikono myepesi kuliko wote.

Pili, majina 10 yamegawanywa katika makundi 3, na orodha imebandikwa upande wa wanawake msikitini. Mwenye mtihani, mwenye mtoto mchanga au mgonjwa huandika tarehe zake, na kundi lake hujazwa na mwingine bila maswali. Sanda na kafuri hununuliwa mapema kwa mchango mdogo wa kila mwezi, ili asiwepo tena wa kungoja duka lifunguliwe. Madrasa nayo ina walimu watatu wanaopokezana.

Tatu, na hili lilikuwa gumu zaidi, baba alijifunza nyumba yake upya. Bibi Aisha (Mwenyezi Mungu amridhie) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia ahali zake, na wakati wa swala ulipoingia alitoka kwenda kuswali. Tulikuwa tumeisikia hadithi hiyo katika mawaidha mengi ya ndoa. Hatukuwa tumeiuliza inadai nini siku ambayo ugali haujasongwa na mtoto hajaogeshwa. Siku ambazo baba hayuko Ilula, chakula cha jioni na daftari za watoto ni juu yake, na mama husoma kuanzia baada ya Isha hadi saa 4 usiku, kisha hulala. Jumanne jioni ni ya watoto. Hakuna kikao, hakuna kitabu cha chuo, na simu huwekwa kabatini.

Yaliyobaki

Hatudai kwamba mambo yote yamekaa sawa. Mtihani ule ulirudiwa na, alhamdulillah, ukafaulu, lakini mwaka mmoja ulikwenda pamoja na ada yake. Msimu wa nyanya ukichanganya, baba hukosa zamu zake, na Jumanne moja imewahi kuliwa na msiba. Hata hivyo mtoto haulizi tena kesho ni ya nani, kwani siku yake anaijua.

Wazazi wanaosoma wataendelea kuongezeka, na hilo ni jambo la kheri. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo hapa Iringa, na kimewafungulia mlango watu wenye kazi na familia wasome huku wakiwa majumbani mwao. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kimekuwa hapa mjini tangu mwaka 2005. Mwezi Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito wataruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua. Wengi wa wanafunzi hawa ni mama na baba, na baadhi yao ni wale wale ambao msikiti huwategemea. Tusiwalazimishe kuchagua kati ya elimu na umma wao.

Salman Al-Farisi alipomtembelea ndugu yake Abu Dardaa, alimkuta amezama katika funga na kisimamo cha usiku hata mkewe ameachwa kando. Akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki, nafsi yake ina haki na ahali zake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipofika kwa Mtume, alimsadikisha Salman. Sisi tumejifunza kwamba haki hizo hazitekelezeki kwa mtu mmoja kujinyima usingizi. Hutekelezeka pale jirani anapoichukua zamu yake.

Kwa hiyo tunawaomba ndugu zetu katika imani, Ijumaa hii baada ya swala, waulize katika misikiti yao: wanawake wanaojua kuosha maiti ni wangapi? Wanaume je? Wanaofundisha madrasa ni wangapi, na nani kati yao ana mtihani mwezi huu? Jibu likiwa ni mmoja au wawili, basi kazi ya kwanza ya kujitolea ni kuwatafuta wa tatu na wa nne. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu yule aliyetangulia, na atujaalie kuwa wepesi wa kupokezana mizigo. Amin.